Kichwa Kilichopakwa Mafuta

Kwetu mtoto hapelekwi mbele ya mgeni akiwa mkavu. Hata kama nyumbani hakuna sukari, hata kama sare imechanika kwapani, mafuta ya mgando hayakosi mahali: nyuma ya redio, chini ya kitanda, ndani ya kikopo kilichopoteza mfuniko. Mama humbana mtoto katikati ya magoti, humpaka uso, shingo na miguu, kisha humalizia kichwani mpaka kile kipara cha shule king'ae kama sufuria mpya. Mtoto akitoka hapo, jirani anajua huyu ana mama. Wanaojua mambo haya hawana haja ya kuelezwa. Wasioyajua ndio waliokuja kupima vichwa vya watoto wetu.

Naandika nikiwa na hasira, na sitajifanya sina. Watu wananiambia hasira hasara. Kwangu mimi hasara ndiyo iliyotangulia, hasira ikaja nyuma yake, kwa hiyo waniache.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara katika chuo kimoja hapa Bariadi mjini. Kazi yangu ni mizani, hadubini, nyaya, na kuwafukuza wanafunzi wanaokula mihogo juu ya meza za majaribio. Ndipo ukaja mradi. Mkuu wake alitoka chuo kikuu cha mbali. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani myembamba na suruali ya mifuko mingi, na alitaka kufanya majaribio madogo juu ya ubongo wa watoto waliowahi kuugua malaria kali iliyopanda kichwani. Ubongo unapofanya kazi hutoa umeme kidogo sana, na ukibandika vihisi juu ya ngozi ya kichwa unaweza kuunasa na kuuona kwenye laptop kama mistari inayopanda na kushuka. Watoto wengine, baada ya malaria ile, hubaki na kifafa cha kimya, kisichomwangusha mtu wala kumtoa povu. Mradi ungewatafuta hao, na kila atakayeonekana angeandikiwa rufaa ya kwenda hospitali kubwa Mwanza. Mkuu alihitaji mtu wa hapa anayejua nyaya na anayejua Kisukuma. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema, na mimi niliufurahia mradi ule kama mwenyeji mgonjwa.

Nilikuwa na sababu yangu. Kaka yangu analima pamba na kufuga huko Ngulyati, na binti yake, aliyekuwa darasa la tano, alikuwa anaondoka. Sina neno jingine la kulieleza jambo lile. Yuko katikati ya sentensi, kalamu mkononi, mara ananyamaza. Macho yanapanda juu kidogo, kope zinachezacheza, na mtoto hayupo. Baada ya muda wa kumeza mate mara chache anarudi, anatutazama kwa wasiwasi na kuuliza, «Mmefika wapi?» Akiwa mdogo aliwahi kulazwa kwa degedege, na siku zile sote tulidhani tunamzika. Shuleni walimchapa kwa kuzubaa. Majirani walisema ni masamva, mizimu ya ukoo inamwita ili ikumbukwe. Kaka yangu ni mtu wa kanisa, hakosi Jumapili, kwa hiyo masamva aliyakataa. Kilichobaki mkononi mwake kilikuwa uvivu.

Nilipomwambia habari za mradi alinisikiliza akiwa anafunga kamba ya ndama. Hakupinga. Aliweka sharti tu, na akalisema mbele ya mke wake ili lisije likasahaulika.

«Mashine yenu ikionyesha ni ugonjwa, nauza ng'ombe, nampeleka Mwanza hata kesho. Isipoonyesha, atakaa nyumbani amsaidie mama yake. Siwezi kupeleka mahindi shuleni ili mtu aende kulala huku macho yamefumbuliwa.»

«Kaka, mtoto mwenyewe anaipenda shule.»

«Angeipenda angekuwepo.»

Kwa hiyo mkuu wa mradi aliponipa vihisi nivijaribu na kumpa maoni, niliifanya kazi ile kama mtu anayemchagulia mwanawe dawa. Alikuwa ameleta aina tatu. Ya kwanza ni vikombe vidogo vya fedha, ukubwa wa kifungo cha shati, vinavyojazwa jeli na kubandikwa kimoja kimoja. Ni kazi ya subira. Unapima kichwa kwa utepe kama wa fundi cherehani, unatia alama, unasugua ngozi, unabandika, na ukimaliza mtoto amejaa jeli kichwa kizima na lazima umwoshe. Lakini vikishika vimeshika. Aina ya pili ilikuwa kofia ya sponji zilizolowekwa maji ya chumvi. Hiyo niliipenda asubuhi. Kufika saa sita, kwa jua letu na upepo unaotoka mbugani, sponji zilikuwa zimekauka kama michembe, viazi vitamu vyetu vya kuanika, na mistari ikaanza kuruka ovyo. Ya tatu ilikuwa kofia nyeusi ya plastiki yenye vijino vikavu ndani yake. Haitaki maji wala jeli. Unamvisha mtu kama helmeti ya bodaboda, unawasha, taa za buluu zinawaka. Mkuu alikuwa ameipakata kofia hiyo tangu mwanzo.

Niliivaa mwenyewe, nikiwa nimesuka twende kilioni. Vijino vilipanda juu ya mistari ya nywele, havikugusa ngozi, na laptop ikanionyesha fujo ambayo, kama kweli ingekuwa ubongo wangu, basi ningekuwa maiti. Nikafumua, nikaivaa tena, ikawa nafuu. Nikapaka mafuta kidogo kichwani, kama nipakavyo kila asubuhi ya maisha yangu, ikaharibika upya. Nikaenda kumwambia.

«Dokta, kwa huku tutumie vikombe.»

«Jeli inataka maji, dada yangu. Kule vijijini ya kuoshea vichwa tutayapata wapi? Akina mama wanaamka alfajiri kufuata ndoo moja lamboni, sisi tuje tuimwage kichwani?»

Hoja ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoniudhi. Maneno ya kuwahurumia wabeba ndoo yalikuwa yanatoka kwa mtu ambaye hajawahi kubeba hata kata ya maji.

«Basi tubebe madumu kwenye gari.»

«Gari limejaa vifaa.»

Vifaa vyenyewe nilikuwa nimevipakia mimi. Ukitoa laptop na lile sanduku la nyaya, vilikuwa viti vya kukunja, mwavuli mkubwa na bango la mradi.

«Na mafuta je? Watoto wa huku wanapakwa mafuta kichwani.»

«Tutawaambia wasipake.»

Alilisema kwa wepesi, kana kwamba ni kuwaambia wasije na mbwa. Kisha akaniinulia ile kofia nyeusi ili niitazame vizuri. Vikombe na nyaya zake, akasema, vinatisha kwenye picha, vinawafanya watoto waonekane wagonjwa. Nikamkumbusha kwamba wagonjwa ndio tunaowatafuta. Akacheka kwa upole, akanigusa bega, na kofia kavu ikapita. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye usiku alilala hotelini mjini, kwenye chandarua kizuri.

Siku ya Ngulyati tulipewa darasa moja la shule. Siku iliyotangulia nilikuwa nimempitia mwalimu na kumweleza kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kisukuma: wasipakwe mafuta. Alitangaza mstarini, na ujumbe ulifika majumbani. Watoto wa kwanza walikuja wakavu kweli, miguu imepauka, wanaona haya na kujikunakuna. Kofia iliwashika kwa shida, lakini iliwashika. Nikaanza kupata moyo. Kisha akaingia wifi yangu.

Alikuwa amejifunga kitenge chake cha kanisani. Mkono mmoja ulibeba kifurushi cha michembe kwa ajili ya wageni, na kwa ule mwingine alikuwa akimsukuma binti yake taratibu mgongoni. Mtoto aling'aa. Aling'aa paji la uso, masikio, kisogo na utosi. Ungeweza kujitazamia pale kichwani ukafunga kilemba.

«Mwangaluka, wifi,» alinisalimu, akitabasamu.

Sikuitikia hata salamu. «Wifi, si tulisema asipakwe?»

«Nilisikia. Lakini hao ni wageni wa heshima. Wakimwona mtoto kapauka watasema mama yake yuko wapi? Nimempaka kidogo tu.»

Alijua kilichokuwa kinaamuliwa mle darasani. Alikuwepo mumewe alipoweka lile sharti. Alimwandaa mtoto wake kama anavyoandaliwa mtu anayekwenda kusimama mbele ya hakimu, kwa kila kitu kizuri kilichokuwemo nyumbani, na kizuri kilichokuwemo nyumbani kilikuwa mafuta. Nilishindwa kumkasirikia. Ningekuwa nimemzaa mimi, asingetoka nyumbani mkavu.

Nilimfuta kwa pamba na spiriti. Mafuta yalihama upande huu yakaenda upande ule. Nikamvisha kofia, vijino vikateleza. Pembeni mwa kioo cha laptop kila kihisi kina duara lake, kikishika linakuwa la kijani, kikikataa linabaki jekundu. Yake yote yalibaki mekundu, na mistari ilikuwa minene, inatetemeka, haisomeki.

«Dokta, nipe muda nimwoshe kwa sabuni.»

Bomba la shule lilikuwa limekauka tangu zamani. Wifi hakungoja kuambiwa. Alichukua dumu la mwalimu, akavua viatu vyake vya kanisani, akaviweka mlangoni na kuondoka peku kuelekea lamboni. Mkuu alitazama saa, akatazama jua, akasema wakati tunamngoja mama tuendelee na hatua ya kupuliza, tusipoteze muda.

Hatua ya kupuliza ni rahisi. Mtu mwenye kifafa cha aina ile akipumua kwa nguvu na haraka kwa muda, kifafa huchokozeka na kujitokeza. Mtoto mdogo huwezi kumwambia apumue hivyo akakuelewa, kwa hiyo unamshikia ukanda wa karatasi mbele ya mdomo na kumwambia asiuache utulie.

«Puliza, mayu,» nilimwambia, nikimwita mama kama wanavyoitwa mabinti wetu wakibembelezwa. «Usiiache ilale.»

Akapuliza. Alipuliza kwa bidii ya mtoto anayetaka kufaulu. Karatasi ikapepea, ikapepea, kisha ikalala. Macho yakapanda. Kope zikachezacheza. Midomo ilibaki wazi kidogo na pembeni yake kama anataka kutabasamu. Niligeukia laptop, nikisema Mungu wangu, sasa. Kwenye kioo kulikuwa na fujo ile ile. Mkuu alikuwa amesimama mbele yetu na simu yake, anapiga picha, kama alivyompiga kila mtoto aliyekaa pale. Kisha mtoto akarudi, akaiona karatasi imelala, akashtuka na kuanza kuipuliza tena upesi kabla hajagombezwa.

«Umemwona, dokta.»

«Nimemwona.»

«Basi mwandikie rufaa.»

«Nikiandika nitaambatanisha nini? Macho yangu si kipimo, dada yangu. Utaratibu unataka mawimbi.»

Hakuwa mkali. Alinieleza polepole, kama mwalimu mzuri, kwamba rekodi yenye vihisi visivyoshika haiingii kwenye hesabu. Akabonyeza, rekodi ya mtoto ikaondolewa. Akaniambia nisihofu, tutarudi. Nimezaliwa mkoani huku na nimewasikia wageni wa kila aina wakisema tutarudi: wa visima, wa mbegu, wa kampeni. Siku ile niliamini kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kuamini.

Wifi alirudi tukiwa tunapakia viti. Alikuwa na dumu kichwani, jasho linamtiririka, miguu ina tope hadi kwenye vifundo. Alitazama gari, akanitazama mimi.

«Maji haya niyaweke wapi?» aliuliza.

Mkuu alimshukuru kwa michembe.

Mimi nilibaki Ngulyati jioni ile ili niseme na kaka. Niliona heri anisikie mimi kuliko kusikia ya njiani. Nilimweleza kila kitu, kuanzia mafuta, vijino, maduara mekundu, hadi yale tuliyoyaona kwa macho. Sikumficha. Nilimwambia wazi kwamba mashine haikushika, kwamba kukosa kushika si kusema mtoto ni mzima, ni sawa na mizani isiyo na mawe. Alinielewa vizuri sana. Kaka yangu si mjinga, na watu wasinifanyie huruma ya kusema hakujua.

«Nimekuelewa, mdogo wangu. Haikushika,» alisema. «Mimi nilisema ikionyesha. Imeonyesha?»

Nikamwita mtoto. Nikachana karatasi ya pakiti ya chumvi, nikamshikia mbele ya baba yake, akapuliza. Haikuchukua muda, akaondoka. Tulimtazama sote watatu, mimi, kaka na wifi, mpaka aliporudi.

«Hivyo namwona tangu anaota meno,» kaka alisema. «Hicho ndicho ninachokisema kila siku. Anazubaa.»

Nilikuwa nikidhani tatizo ni kwamba hajamwona vizuri. Alikuwa amemwona kuliko mtu yeyote, na alikuwa amekwisha kuliita jambo lile kwa jina alilolitaka yeye. Kitu pekee ambacho kingeweza kulibadilisha jina lile kilikuwa mstari kwenye kioo, na mstari ule tuliupoteza kwa sababu mama alimpenda mwanawe na mtu mwingine alipenda kofia nyeusi.

«Nitampeleka mimi Mwanza,» nilisema.

«Wewe ni shangazi yake, si baba yake. Tumalize pamba kwanza, halafu tutazungumza.»

Wifi alisema kwa sauti ndogo kwamba hata jikoni ni hivyo hivyo, akipuliza moto anaondoka. Nikamgeukia kaka, nikamsihi: basi angalau moto asipulize. Akacheka, akiangalia ng'ombe wake.

«Nani apulize, mimi?»

Mtoto akatolewa shule. Nilimpigia mkuu wa mradi simu mpaka nikaona aibu. Mwanzoni yuko kikaoni, baadaye yuko safarini, mwisho akaniandikia ujumbe mzuri wa kunishukuru kwa ushirikiano, mradi umefikia kikomo na matokeo yametia moyo. Kofia nyeusi alishaondoka nayo. Vile vikombe vya fedha vilibaki maabara kwetu ndani ya mfuko wake, safi, havijagusa kichwa cha mtoto hata mmoja, lakini mashine ya kuvichomeka ilikuwa ya mradi nayo ilikuwa imeondoka. Kikombe bila mashine ni kifungo cha shati.

Nilikwenda Ngulyati kila nilipoweza. Mtoto alinikimbilia, akanipokea mkoba, na kila mara aliniuliza swali moja. «Shangazi, wenzangu wamefika wapi?» Nilikuwa napita kwa mwalimu kuuliza kabla ya kwenda kwao, ili nisikose jibu. Wamefika kwenye hesabu za sehemu. Wamefika kwenye mito na milima. Alitikisa kichwa kama mtu anayepanga kuwafuata baadaye kidogo.

Pamba ilivunwa, ikauzwa. Miti yake iling'olewa na kurundikwa nyuma ya jiko kwa kuni, kama kila mwaka. Miti ya pamba inawaka upesi, haina subira. Asubuhi moja wifi alikwenda lamboni akamwachia mtoto kazi ya kukoleza moto wa uji. Alichuchumaa, akashika vijiti vya pamba kwa mkono wa kulia, akavisukuma mafigani na kuanza kupuliza. Mtu mwingine moto ukimgusa anatoa mkono. Yeye hakuwepo wa kuutoa. Hakuanguka, hakupiga kelele, alikaa vile vile alivyochuchumaa, na moto ukapanda kwenye vijiti mpaka ukafika kwenye vidole. Kelele alizipiga aliporudi. Wifi alizisikia akiwa njiani, akakimbia na ndoo kichwani bila kuitua, akaingia nayo jikoni, akaimwaga yote.

Kaka aliuza ng'ombe siku ile ile. Alikuwa amesema atauza, na ni mtu anayeshika neno lake. Nilikwenda nao Mwanza. Baada ya kidonda kutulizwa, daktari mmoja mwanamke alimwosha mtoto kichwa kwa sabuni kwenye beseni, akamkausha, akapima kwa utepe, akabandika vikombe na jeli kimoja baada ya kingine bila haraka. Nilivitazama vile vikombe nikawa nauma midomo. Akamwambia apulize. Akaondoka, na kwenye kioo mistari ikasimama mirefu, sawasawa, mmoja nyuma ya mwingine, ikapanda na kushuka mpaka aliporudi. Hata ng'ombe angeiona. Daktari akamwita kaka, akamwonyesha kwa kidole.

Kaka aliinamia kioo. «Kumbe,» alisema.

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia kaka yangu kwa neno lile, na ni yeye niliyebebwa mgongoni mwake kuvuka mto nikiwa mdogo. Nilitoka nje nikalia mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimefiwa.

Kifafa kile kina dawa. Ni vidonge, asubuhi na jioni, na mtoto sasa haondoki. Amerudi shule, darasa moja nyuma ya wenzake. Vidole vya mkono wa kulia vimeshikana na kukunjika kuelekea kiganjani, anajifunza kuandika kwa kushoto, na herufi zake zinalala kama mtama uliopigwa na upepo. Kaka humpeleka kliniki mwenyewe kwa baiskeli. Nasalimiana naye. Mwadila, mwadila, mhola, mhola, basi.

Mwaka huu nilimchukua twende Nanenane pale Nyakabindi. Nilimnunulia soda, tukatazama ng'ombe wa maziwa na mashine za kupandia. Tulipokuwa tunapita kwenye mabanda ya vyuo alinivuta gauni.

«Shangazi, ni mimi yule.»

Lilikuwa bango refu kuliko mlango, limesimamishwa mbele ya banda, na juu yake alikuwa yeye. Ana kofia nyeusi, taa za buluu zinawaka, na paji la uso linang'aa kwa yale mafuta ya mama yake mpaka utadhani picha ilipigwa studio. Chini yake maandishi makubwa: MACHO YANAYOIONA KESHO. Dada mmoja nadhifu, aliyekuwa akigawa vipeperushi, alituona tumesimama akaja akitabasamu. Mkuu hakuwepo.

«Picha hii kila mtu anaipenda,» alisema. «Mtazameni alivyoinua macho. Anaota ndoto zake huyu.»

Akampa mtoto kipeperushi. Mtoto akanyoosha mkono wa kushoto.

«Pokea kwa mkono wa kulia, mrembo. Ndiyo adabu.»

Mtoto akautoa mkono wa kulia kwenye mkunjo wa sweta, akauonyesha, akaurudisha. Kipeperushi kikabaki hewani kati yao. Mimi nilikuwa sisikii tena. Nilikuwa natazama picha. Macho yamepanda juu kidogo. Kope zimeshuka nusu. Midomo iko wazi kama anataka kutabasamu, na mbele yake, chini ya kidevu, vinaonekana vidole vyangu vikiwa vimeshika ukanda wa karatasi uliolala. Vijino vyote vya ile kofia havikuona kitu siku ile, na simu ya mkuu ikaona kila kitu, yeye akapeleka kuchapisha.

Mtoto alisogea karibu na bango. Alilitazama kwa makini sana, kama anavyotazama hesabu, kichwa upande. Kisha akanigeukia.

«Shangazi,» aliuliza, «mbona mimi sikumbuki kupigwa picha hii?»